Mtungi Mmoja, Vipimo Vitatu: Maji kwa Anayeishi na Ugonjwa wa Figo

Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wakazi, katika maadhimisho ya Siku ya Figo Duniani. Tumeyachapisha hapa ili wale ambao hawakuweza kufika nao wayapate.



Nawashukuru kwa kuja katika joto hili. Siku ya Figo Duniani huadhimishwa Alhamisi ya pili ya mwezi wa Machi kila mwaka, tangu 2006. Kwetu sisi watu wa Pwani, siku hiyo huangukia wakati ambapo kaskazi imelegea, jua linachoma na mvua ya masika bado haijashuka. Ndiyo maana leo tunazungumza kuhusu figo na maji kwa pamoja.

Mimi si daktari. Kazi yangu katika kaunti ni habari: kuchukua yale ambayo wataalamu wetu huyasema kliniki na kuyaleta kwenu kwa lugha ya nyumbani. Wauguzi wetu wapo hapa na mashine za kupima presha na sukari. Nikimaliza, msitoke bila kupita kwao.

Neno langu la leo ni moja. Mmelisikia redioni, mmelisikia kwa majirani, na pengine mmeliambia watoto wenu: kunywa maji mengi, maji ni dawa ya figo. Kwa watu wengi ushauri huo ni mzuri. Lakini kwa mtu ambaye figo zake tayari zimechoka, maji yanaweza kuwa machache mno, yanaweza kuwa ya kutosha, na yanaweza kuwa mengi hadi yakamlaza hospitali. Kiasi cha maji cha mgonjwa wa figo hutokana na vipimo vyake mwenyewe. Hakitokani na kikombe cha jirani.

Nyumba moja, watu watatu

Tuchukue mfano wa nyumba ambayo kila mmoja wetu anaijua, iwe ni Ganze, Kaloleni, Magarini au Malindi mjini. Asubuhi mtungi wa lita 20 umeletwa kutoka kioski cha maji. Ndani ya nyumba hiyo kuna kijana anayepasua mawe timboni. Kuna mama yake, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, ambaye ana presha na ameambiwa kliniki kwamba figo zake zimeanza kupungua nguvu. Na kuna babu, ambaye huenda hospitali mara mbili kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine, yaani dialisisi.

Watu watatu hawa wanakunywa kutoka mtungi mmoja. Lakini kipimo cha kila mmoja ni tofauti, na ukimpa mmoja kipimo cha mwenzake unaweza kumdhuru. Ili tuelewe kwa nini, tuangalie kwanza kazi ya figo.

Figo hufanya nini

Binadamu wengi huzaliwa na figo mbili, kila moja karibu ukubwa wa ngumi. Ziko mgongoni, moja kila upande wa uti, chini kidogo ya mbavu. Kwa siku moja figo huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu. Lakini sisi hatukojoi lita 180. Karibu yote hayo figo huyarudisha mwilini, na kinachotoka kama mkojo ni kati ya lita moja na mbili hivi, pamoja na uchafu ambao mwili hauutaki.

Kwa hiyo figo si chujio tu. Ni mpima-maji pia. Ukinywa maji mengi zinatoa mengi, na ukikaa na kiu zinayabana. Zinapima chumvi, zinapima madini yanayoitwa potasiamu, zinasaidia kutawala presha, na zinasaidia mwili kutengeneza damu.

Ugonjwa sugu wa figo ni pale ambapo kazi hiyo imepungua, au figo zimeonyesha dalili za kuumia, kwa zaidi ya miezi mitatu. Unakadiriwa kumpata takriban mtu mzima mmoja kati ya kumi duniani. Visababishi vikubwa viwili ni kisukari na shinikizo la damu. Na ubaya wake ni ukimya. Katika hatua za mwanzo mtu haumwi popote. Miguu ikianza kuvimba, mkojo ukitoa povu lisiloisha, uchovu, kichefuchefu au kukosa pumzi vikianza, mara nyingi ugonjwa umeshasafiri mbali.

Kuna hatua tano. Daktari huzijua kwa kupima damu, kipimo cha kriatinini, ambacho hutoa namba inayoandikwa eGFR kwenye karatasi ya majibu. Ikiwa 90 au zaidi, figo zinachuja vizuri, ingawa mkojo unaweza kuonyesha kwamba zimeanza kuumia. Kati ya 30 na 59 ni hatua ya tatu. Kati ya 15 na 29 ni ya nne. Ikishuka chini ya 15 ni hatua ya tano, na hapo ndipo mazungumzo ya dialisisi au kupandikizwa figo huwa ya lazima. Pamoja na damu, mkojo hupimwa kuona kama protini inavuja.

Nawaomba mkumbuke hiyo namba. Wengi wetu tunajua namba zetu za simu, za kitambulisho na za M-Pesa. Mwenye presha au kisukari aijue na namba ya figo zake.

Kipimo cha kijana

Turudi kwa kijana wa timboni. Figo zake ni nzima. Yeye hatari yake ni kukauka. Anafanya kazi juani saa sita au saba, jasho linamtoka, na chupa aliyobeba ni moja. Jioni mkojo wake ni wa rangi ya chai ya rangi, kichwa kinamgonga, na anameza dawa ya maumivu ili kesho arudi kazini.

Kuna sehemu ya dunia ambayo jambo hili limeleta msiba. Katika mashamba ya miwa ya Amerika ya Kati, hasa Nicaragua na El Salvador, wanaume vijana waliokuwa wakikata miwa kwenye jua kali wamekufa kwa maelfu kwa ugonjwa wa figo, bila ya kuwa na kisukari wala presha ya muda mrefu. Karibu na mji wa Chichigalpa, Nicaragua, kuna jamii iliyopewa jina la Kisiwa cha Wajane kwa sababu ya vifo hivyo. Wataalamu bado wanatafuta kila kisababishi, lakini joto kali, kazi nzito na kukauka mwili kila siku ni miongoni mwa mambo yanayotazamwa kwanza. Dawa iliyopendekezwa huko ni maneno matatu: maji, mapumziko, kivuli.

Mimi sisemi kwamba timbo zetu, mashamba yetu ya chumvi au stendi zetu za bodaboda zimekuwa Chichigalpa. Nasema maneno yale matatu yanatufaa. Kijana mwenye figo nzima akiwa juani asingoje kiu imshike koo. Anywe kidogo kidogo kila baada ya dakika ishirini hivi, apumzike kivulini, na aangalie mkojo wake. Ukiwa wa manjano hafifu yuko sawa. Ukiwa mzito kama chai, amechelewa. Na ninyi waajiri mnaonisikiliza, ndoo ya maji safi na turubai la kivuli si hisani. Ni vifaa vya kazi, sawa na sururu na beleshi.

Na dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni tunazonunua dukani kama peremende zinaweza kuumiza figo, na zinaumiza zaidi mwili ukiwa umekauka. Kumeza moja siku moja kwa ushauri wa mhudumu ni jambo moja. Kumeza kila jioni kwa miaka ni jambo lingine kabisa.

Kipimo cha mama

Mama yuko hatua ya tatu. Hapa ndipo mambo yanapochanganya, kwa sababu kila anayemtembelea humletea ushauri. Mmoja anamwambia anywe lita nne zioshe figo. Mwingine anamwambia aache maji kabisa.

Watu wengi walio katika hatua za mwanzo, ambao hawajavimba miguu na moyo wao ni mzima, hawahitaji kuzuiwa maji. Wanakunywa kama mtu wa kawaida, kwa kufuata kiu, na kuongeza kidogo siku za joto. Kwa wengi inakuwa lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, lakini mwenye kauli ya mwisho ni daktari anayemjua.

Je, akinywa zaidi ya hapo atapona? Swali hili limefanyiwa utafiti. Nchini Canada, watu 631 wenye ugonjwa wa figo wa hatua ya tatu waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilihimizwa kuongeza maji, na lingine liliendelea na kiasi chake cha kawaida. Matokeo yalichapishwa 2018. Baada ya mwaka mmoja, waliohimizwa kunywa zaidi hawakuwa wamelinda figo zao kuliko wenzao. Kwa lugha nyepesi: maji hayaoshi figo kama unavyosuuza sufuria. Sehemu ya figo iliyokwisha kufa hairudi kwa kunyweshwa maji.

Kinacholinda figo za mama ni vitu visivyo na mvuto: dawa yake ya presha kila siku, sukari iliyodhibitiwa kama ana kisukari, chumvi kidogo, kutovuta sigara, kukaa mbali na dawa za maumivu zisizo na ushauri, na kurudi kliniki tarehe aliyopewa. Maji ya kutosha yamo katika orodha hiyo, lakini hayachukui nafasi ya vingine.

Chumvi niitaje zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Humo ndani hesabuni chumvi ya samaki mkavu, ya viazi karai, ya mchuzi wa pakiti na ya bisi. Baadhi ya visima vyetu vina maji ya munyu pia, nayo yanaongeza. Chumvi hupandisha presha, na chumvi huleta kiu. Mtu anayelalamika kwamba hawezi kupunguza maji, mara nyingi tatizo lake liko kwenye sahani.

Kuna siku moja ambayo mama lazima awe macho sana: siku ya kuhara au kutapika. Figo zilizopungua nguvu hazihimili kukauka. Siku mbili za kuharisha zinaweza kuzishusha ghafla. Na baadhi ya dawa za presha, za kuongeza mkojo na za kisukari, zikiendelea kumezwa huku mwili umekauka, zinaweza kuongeza madhara. Kwa hiyo akianza kuhara au kutapika asingoje kesho. Apige simu kliniki au aende kituo cha afya, aseme waziwazi, “Nina ugonjwa wa figo na nameza dawa hizi,” na waamue pamoja zipi zisimame na anywe nini. Asiache dawa kwa kukisia, na asiendelee kuzimeza kimyakimya.

Kipimo cha babu

Sasa babu. Huyu yuko hatua ya tano, na figo zake hazikojoi tena ila kidogo. Ile kazi ya mpima-maji imekwisha. Maji anayokunywa Jumatatu hayana pa kutokea hadi mashine iyatoe Alhamisi. Yanabaki mwilini. Yanashuka miguuni, yanapanda mapafuni, yanaulemea moyo. Usiku hawezi kulala chali kwa sababu anahisi anazama. Na kwa kweli anazama, akiwa kitandani kwake.

Kwa mtu kama huyu, mara nyingi wahudumu hufanya hesabu hii: mkojo anaoutoa kwa saa 24, jumlisha takriban nusu lita. Kwa mfano, akikojoa mililita 300, atapewa mililita 800 hivi kwa siku nzima. Hiyo ni chini ya chupa mbili za nusu lita, na humo ndani kuna chai ya asubuhi, uji, maziwa, supu, soda, barafu na maji ya kumezea dawa. Kila kinachomiminika ni maji.

Mizani ndiyo shahidi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Babu akitoka kwenye mashine na kilo 60, kisha siku ya kurudi ana kilo 64, si kwamba amenenepa. Amebeba lita nne. Mashine ikilazimika kuzivuta zote kwa saa nne, presha inaanguka, misuli inakaza, kizunguzungu kinampata, na anarudi nyumbani amechoka kuliko alivyokwenda. Ndiyo maana mgonjwa wa dialisisi apate mizani nyumbani ikiwezekana, ajipime kila asubuhi, na aandike.

Hapa naomba nizungumze na sisi jamaa. Mila zetu ni za ukarimu. Mgeni akiingia, maji kwanza. Mzee akiwa mgonjwa, kila anayekuja kumjulia hali huja na chupa ya juisi. Babu akikataa tunaona kama amekata tamaa, au tunaona binti anayempimia maji kwa kikombe kidogo ana roho mbaya. Hana roho mbaya. Anamlinda. Ukienda kumwona mgonjwa wa dialisisi, mwulize mwenye nyumba kwanza, na kama hujui ulete nini, leta muda wako. Keti naye. Msindikize hospitali siku yake. Safari mbili kila wiki, nauli kwenda na kurudi, ndizo zinazowavunja moyo wagonjwa wengi kuliko hata sindano.

Kiu ya babu ni ya kweli, na ina mbinu zake. Apime maji yake ya siku nzima asubuhi na kuyatia kwenye chupa moja. Kila anachokunywa kwingine, apunguze kiasi hicho kwenye ile chupa. Atumie kikombe kidogo cha kahawa badala ya glasi. Asukutue na kutema. Afyonze kipande kimoja cha barafu polepole, na akihesabu. Akae kivulini saa za jua kali. Na kubwa kuliko yote, chumvi iondoke mezani.

Madafu, birimbi na mitishamba

Kabla ya mkutano huu wengi waliuliza kuhusu vinywaji vyetu vya hapa Pwani. Nianze na madafu, kwa sababu najua mnayapenda na nami nayapenda.

Kwa mtu mwenye figo nzima, dafu ni kinywaji kizuri. Lakini maji ya dafu yana potasiamu nyingi. Dafu moja linaweza kuwa na potasiamu ya ndizi mbivu nzima au zaidi. Figo nzima huitoa bila shida. Figo zilizochoka sana haziwezi, na potasiamu ikijaa kwenye damu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo hadi yakasimama, wakati mwingine bila onyo. Kwa hiyo yule anayemnunulia babu madafu mawili ili apate nguvu, kwa mapenzi yake yote, anaweza kuwa anamletea hatari. Mwenye ugonjwa wa figo, hasa hatua ya nne na ya tano, aulize kliniki kabla ya kunywa madafu. Aulize pia kuhusu juisi ya machungwa, tende, ndizi, mihogo, viazi na mboga za majani. Si kwamba vyote ni haramu kwake. Baadhi ya mizizi na mboga zinaweza kuchemshwa kwa maji mengi na maji yale yakamwagwa, na potasiamu ikapungua. Mtaalamu wa lishe atamwonyesha.

Birimbi, lile tunda chachu tunalotia kwenye achari, nalo lina tahadhari yake. Kipande kwenye chakula hakimsumbui mtu mzima wa afya. Lakini huko Kerala, India, madaktari wameripoti watu ambao figo zao ziliumia ghafla baada ya kunywa juisi nzito ya birimbi kama dawa. Tunda hilo lina asidi ya okisaliki kwa wingi, na inapozidi hukwama ndani ya figo. Mgonjwa wa figo asiinywe juisi hiyo kabisa.

Kuhusu mitishamba, nasema kwa heshima kwa waganga wetu. Dawa ambayo hatujui kilichomo ndani yake wala kipimo chake ni kamari kwa figo iliyochoka. Ukiwa unatumia, mwambie daktari. Hatakufukuza. Anahitaji kujua.

Na mfungo wa Ramadhani. Kukaa bila maji kutwa nzima katika joto la Pwani si jambo dogo kwa mwenye ugonjwa wa figo, na walio katika hatua za juu au kwenye dialisisi kwa kawaida hushauriwa na madaktari wasifunge. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Muone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kisha umwone imamu wako na maneno ya daktari mkononi. Usiamue peke yako, kwa kuona haya au kwa kuogopa majirani.

Tufanye nini kuanzia leo

Kwanza, kupimwa. Kila mwenye kisukari au presha aulize angalau mara moja kwa mwaka kipimo cha damu cha kriatinini na kipimo cha protini kwenye mkojo. Kama katika familia yenu kuna aliyeugua figo, nawe upimwe. Kuanzia mwishoni mwa 2023, wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 kote nchini walipewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Mhudumu wa kijiji chako akibisha hodi, mkaribishe na umnyooshee mkono akupime. Presha inayogunduliwa mlangoni kwako leo ni dialisisi ambayo pengine hutaihitaji kesho.

Pili, bima. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na dialisisi ni miongoni mwa huduma inazolipia kwa waliojisajili na ambao michango yao imelipwa. Unaweza kujisajili kwa kupiga *147# kwenye simu yako. Miaka ya nyuma, mgonjwa wa figo wa kaunti nyingi alilazimika kwenda Mombasa au Nairobi. Tangu mpango wa vifaa vya hospitali wa 2015, mashine za dialisisi zilianza kuwekwa katika hospitali za kaunti mbalimbali. Mashine ziko karibu zaidi sasa, lakini asiyejisajili atazitazama kwa mbali.

Tatu, maswali. Kila mwenye ugonjwa wa figo, siku ya kliniki, asitoke chumbani kwa daktari kabla ya kuuliza mambo manne:

Figo zangu ziko hatua ya ngapi?
Mimi ninywe maji kiasi gani kwa siku, na siku za joto je?
Nikihara au kutapika, dawa zipi nisimamishe na nimpigie nani?
Vyakula na vinywaji gani vya hapa kwetu nivipunguze?

Majibu yaandikwe kwenye kitabu cha kliniki, si kwenye kumbukumbu pekee. Kisha yasomwe nyumbani, mbele ya wote wanaopika na wanaomimina chai. Hali ikibadilika, ikiwa miguu imeanza kuvimba, mkojo umepungua au uzito umepanda haraka, kiasi cha maji nacho kinaweza kubadilika. Kipimo cha mwaka jana si lazima kiwe cha mwaka huu.

Na nne, alama za hatari. Mtu mwenye ugonjwa wa figo akikosa pumzi, akivimba ghafla, moyo ukimwenda mbio au ukiruka mapigo, akichanganyikiwa, au akikosa mkojo kabisa kinyume na kawaida yake, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku au mchana. Tusimpe maji kwanza tuone. Tumpeleke.

Ndugu zangu, katika kaunti hii bado kuna nyumba zinazohesabu kila mtungi, na kuna mama anayetembea mbali kuupata. Kwa hiyo tunapozungumzia maji tunazungumza kitu cha thamani. Tukigawe kwa akili. Kijana wa timboni apate ya kutosha na kivuli juu. Mama apate ya kiu yake, pamoja na dawa zake na chumvi kidogo. Babu apate kikombe chake kilichopimwa, bila lawama na bila kushinikizwa, na mtu wa kukaa naye siku ya mashine.

Meza za wauguzi ziko pale chini ya mwembe. Foleni ni fupi sasa hivi. Wenye presha na kisukari watangulie, kisha sisi wengine tufuate.